Pedi za Breki Zimeisha: Je, Diski Nazo Zibadilishwe?

Somo hili ni la vikundi vyenye gari, na pia la wale ambao bado wanaweka akiba ili kununua. Mmoja asome kwa sauti, wengine wasikilize, halafu mjadiliane maswali yaliyo mwishoni. Dereva wenu awepo, na mweka hazina awepo.

1. TUONE



Kikundi kimoja huku kwetu upande wa Boito kina pikapu. Waliinunua kwa kuweka kando sehemu ya bonasi ya majani chai kwa miaka mitatu. Pikapu hiyo hubeba maziwa asubuhi, kabichi siku ya soko, na usiku mtu akiugua hubeba mgonjwa. Hata mimi imenibeba mara nyingi kwenda Litein.

Siku moja nilihudhuria mkutano wao. Dereva alisimama akasema, "Hii gari inalia nikishika breki. Pedi zimeisha. Na fundi anasema diski nazo zimeenda."

Fundi alikuwa ameandika hesabu kwenye karatasi: pedi za mbele shilingi 3,500, diski mbili 13,000, na kazi yake 1,500. Jumla 18,000. Kama ni pedi peke yake, na kazi ya 1,000, ingekuwa 4,500.

Katika sanduku la kikundi kulikuwa na shilingi 21,000. Na katika hizo, 15,000 zilikuwa zimeahidiwa mama mmoja mwanachama, mkopo wa karo ya kijana wake wa sekondari. Shule ilikuwa imebaki siku nne kufunguliwa. Pigeni hesabu wenyewe: wakinunua pedi tu, mama anapata mkopo wake. Wakinunua vyote viwili, zinabaki 3,000.

Mjadala ulichukua masaa mawili. Mweka hazina alisema, "Hawa mafundi tunawajua. Ukienda na pedi atakuambia diski, ukienda na diski atakuambia gari nzima." Mzee mmoja akajibu kwa methali: usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwingine akarudisha yake: haba na haba hujaza kibaba. Methali zote mbili ni za kweli, lakini hakuna hata moja inayopima unene wa diski. Na hapo ndipo shida ilikuwa. Watu thelathini walikuwa wanabishana juu ya kipande cha chuma ambacho hakuna aliyekipima, hata fundi mwenyewe. Alikiangalia kwa macho tu.

2. TUELEWE

Diski ni sahani ya chuma inayozunguka pamoja na gurudumu. Pedi ni vipande viwili vinavyoibana kutoka pande zote mbili dereva anapokanyaga breki. Kinachozibana ni kalipa. Msuguano huo hugeuza mwendo wa gari kuwa joto, na diski ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya joto hilo.

Kila mara pedi inapobana, pedi huliwa kidogo, na diski pia huliwa kidogo sana. Pedi imetengenezwa iishe upesi. Diski huishi zaidi, mara nyingi hupita seti mbili za pedi au hata zaidi, lakini nayo ina mwisho wake. Mwisho huo si siri ya fundi. Kwa kawaida umeandikwa kwenye diski yenyewe, kwa herufi ndogo zilizochongwa ukingoni au katikati: MIN TH, halafu namba kwa milimita. Maana yake ni unene wa chini kabisa unaoruhusiwa. Kutu ikiwa imefunika, isugueni kwa brashi ya waya.

Kwa nini diski iliyopungua kuliko namba hiyo ni hatari? Kwanza, chuma chembamba hupata moto upesi na kinaweza kupasuka. Pili, pistoni ya kalipa inalazimika kutoka nje zaidi kuliko ilivyopangiwa. Tatu, joto likizidi, mafuta ya breki yanaweza kuchemka. Yakichemka, pedali inazama mpaka chini na gari halisimami. Na hayo hayatokei mahali tambarare. Yanatokea kwenye mteremko, gari likiwa na mzigo.

Ndugu zangu, sisi tunaishi kwenye miteremko. Barabara zetu zinashuka mtoni na kupanda tena, mvua inanyesha karibu mwaka mzima, na matope yanaingia kila mahali. Wala hatujasahau jioni ya tarehe 30 Juni 2023 pale Londiani Junction, lori lilipoacha barabara na kuua watu zaidi ya 50, wengine wao wakiwa wachuuzi waliokuwa wakiuza tu kando ya njia. Sisemi hapa chanzo cha ajali ile kilikuwa nini. Ninasema kwamba gari likishindwa kusimama, aliye ndani si yeye peke yake anayeumia.

3. TUPIME

Kuna mambo manne ya kuangalia. Fundi ayafanye, na mwanakikundi mmoja asimame pale aone na kuandika.

La kwanza ni unene. Hupimwa kwa maikromita au kwa venia. Wenye venia wawe waangalifu: diski iliyotumika huwa na mdomo ukingoni, yaani pale ambapo pedi haifiki pamebaki nene. Venia ikikaa juu ya mdomo huo itawadanganya kwamba diski bado ni nene. Dawa yake ni sarafu mbili za aina moja. Wekeni sarafu moja kila upande wa diski, ndani ya mdomo, mahali pedi inapopita, kisha pimeni zote pamoja. Halafu ondoeni unene wa sarafu zile mbili. Mfano: sarafu mbili peke yake ni milimita 4. Diski pamoja na sarafu ni 25. Basi diski ni 21. Pimeni mahali kadhaa kuzunguka diski, si mahali pamoja.

La pili ni uso wa diski. Mistari midogo isiyokwama kwenye ukucha ni kawaida. Mifereji ambayo ukucha unaingia itakula pedi mpya kwa haraka. Mabaka ya rangi ya buluu yanaonyesha diski iliungua kwa joto. Ufa unaofika ukingoni hauna mjadala: diski hiyo itolewe. Kutu nyepesi baada ya gari kulala nje kwenye mvua si kitu, huondoka baada ya kushika breki mara chache.

La tatu ni jinsi dereva anavyosikia. Mlio mwembamba wa "fiii" mara nyingi ni kibati kilichowekwa kwenye pedi ili kitoe onyo kwamba pedi inakaribia kwisha. Sauti ya chuma kusaga chuma maana yake mmechelewa, na diski inachimbwa. Pedali ikitetemeka mguuni, mara nyingi diski haina unene sawa pande zote. Gari likivuta upande mmoja, pengine kalipa ya upande mmoja imekwama. Lakini pedali ikiwa laini kama sifongo, hiyo ni hewa au mafuta ya breki yanavuja. Kubadilisha diski hakutasaidia.

La nne ni kulinganisha kushoto na kulia. Upande mmoja ukiliwa zaidi ya mwingine, kuna sababu. Itafutwe kwanza, la sivyo vyuma vipya vitaliwa vilevile.

4. TUAMUE

Mkishapima, uamuzi si mgumu tena.

Diski ikiwa juu ya namba kwa nafasi ya kutosha, uso ni laini, na pedali haitetemeki: badilisheni pedi peke yake. Msikubali kulipia diski.

Diski ikiwa bado nene lakini ina mifereji au inatetemeka: inaweza kuchongwa kwenye mashine, kazi ambayo mafundi huita kuskimu. Lakini kuskimu kunapunguza chuma. Mwulizeni fundi kabla hajaanza: baada ya kuchonga itabaki milimita ngapi? Ikishuka chini ya namba, mmetupa pesa. Linganisheni pia gharama ya kuskimu na bei ya diski mpya.

Diski ikiwa imefika kwenye namba au chini yake, au ina ufa: badilisheni diski na pedi pamoja, hata kama sanduku linalia.

Diski ikiwa juu ya namba kidogo tu: mjiulize kama itamaliza maisha ya pedi mpya. Ikiwa haitafika, ni afadhali kufanya kazi mara moja kuliko kulipa fundi mara mbili.

Na katika hali zote, pedi hubadilishwa pande zote mbili za ekseli moja, diski vivyo hivyo. Ukiweka mpya kushoto na kuukuu kulia, gari linaweza kuvuta upande siku ya mvua.

5. KIKUNDI KILE WALIFANYAJE?

Niliwaomba waahirishe uamuzi hadi kesho yake. Dereva na katibu walipeleka pikapu kwa fundi mwenye venia. Namba kwenye diski ilikuwa 20. Sarafu zao mbili zilikuwa milimita 4. Upande wa kulia walipata 24.6, yaani diski ni 20.6. Upande wa kushoto walipata 23.4, yaani 19.4. Kushoto ilikuwa imeshapita mwisho, na kulia ilikuwa imebaki kidogo.

Fundi akatafuta sababu. Pini ya kalipa ya kushoto ilikuwa imekwama kwa matope na kutu, kwa hiyo pedi zilikuwa zinasugua diski hata breki isiposhikwa. Hapo dereva akakumbuka kwamba mwaka uliotangulia walibadilisha pedi tu bila kupima, nazo ziliisha kwa miezi minne.

Basi yule fundi wa kwanza hakuwa mwizi. Alisema kweli, ila hakuonyesha. Na mweka hazina hakuwa bahili. Aliuliza swali la haki, ila hakupewa jibu. Kipimo kiliwapatanisha.

Kuhusu karo, ilibidi mama yule aambiwe. Hakuna aliyetaka kumwambia. Alisikiliza, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Huyo kijana mwenyewe hupanda hiyo pikapu kwenda shule. Tengenezeni." Walimpa zile 3,000 zilizobaki, katibu akamwandikia mwalimu mkuu barua ya kuomba muda, na zilizosalia zikatoka kwenye malipo ya maziwa ya mwezi uliofuata. Haikuwa rahisi kwake, na sitaki kuifanya ionekane rahisi.

6. TUTENDE

Wekeni daftari la gari. Kila pedi zinapobadilishwa andikeni tarehe, kilomita, unene wa diski kushoto na kulia, na namba ya mwisho iliyochongwa. Mwaka ujao hamtabishana, mtasoma tu.

Tengeni mfuko wa matengenezo usioguswa kwa mikopo. Kile kikundi sasa huweka kiasi kidogo kila wiki gari linapofanya kazi. Kama wangeanza mapema, mama yule asingengoja.

Pimeni spea kabla ya kulipa. Diski kuukuu kutoka gari lililovunjwa inaweza kuwa imeshakwisha. Ombeni risiti, na mwambieni fundi awape vyuma vilivyotolewa mvione.

Kazi ikiisha, diski mpya ifutwe mafuta ya kuzuia kutu. Dereva akanyage pedali mara kadhaa gari likiwa limesimama, mpaka iwe ngumu, ndipo aondoke. Kisha azizoeshe pedi kwenye tambarare isiyo na magari: apunguze mwendo polepole mara kumi hivi bila kusimama kabisa, akiacha breki zipoe katikati. Siku za kwanza asipakie mzigo mzito.

Dereva ashuke mlima kwa gia ndogo. Kuteremka frii ili kuokoa mafuta ni kuhamisha gharama kutoka kwenye tangi na kuipeleka kwenye breki. Mafuta ya breki nayo yabadilishwe kila baada ya miaka miwili hivi, kwa sababu hunyonya maji kutoka hewani na kuchemka upesi zaidi.

Na msitegemee stika ya ukaguzi wa NTSA peke yake. Inaonyesha gari lilivyokuwa siku ile. Kati ya ukaguzi mmoja na mwingine, mkaguzi ni ninyi.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Ni nani katika kikundi chetu anayejua unene wa diski za gari letu leo? Kama hayupo, nani atapima na lini?

2. Tulipobishana mara ya mwisho juu ya pesa za matengenezo, tulikuwa na kipimo, au tulikuwa na hofu na methali?

3. Dereva akisema gari si salama na hali sanduku ni tupu, ana ruhusa ya kuliegesha bila kulaumiwa?

4. Kama mngekuwa ninyi, mngemwambia nini mama yule wa karo?

Swali la tatu lijibiwe na liandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano, mwenyekiti na dereva waweke sahihi.