Somo la 23: Pumzi na Ulimi

Likasi ni mji wa shaba. Kiwanda cha Shituru kimesafisha shaba miaka mingi. Shaba ikichanganywa na zinki, hutengenezwa tarumbeta.

Mtoto mmoja wa Likasi alipiga tarumbeta vibaya. Aliinua mabega, akavimbisha mashavu, akaanza kila sauti kwa koo. Kabla wimbo haujaisha, pumzi ilimwishia na kichwa kilimzunguka. Siku ya maandamano ilikuwa karibu, akaona haya.

Mwalimu hakumkaripia. Alimwambia: “Weka tarumbeta chini. Tia mkono tumboni. Vuta pumzi kwa kinywa. Tumbo lijae, mabega yatulie. Pumzi ya mabega ni fupi. Sasa sema: tu, tu, tu. Ulimi uguse nyuma ya meno ya juu, halafu uache pumzi ipite. Ulimi ni mlango. Pumzi ndiyo inayopita.”

Mtoto alifanya hivyo kila asubuhi. Mara alisahau, mara alikumbuka. Siku ya maandamano alipiga wimbo mpaka mwisho. Haba na haba hujaza kibaba.

Maulizo
1. Kwa nini pumzi ilimwishia mtoto?
2. Ulimi huguswa wapi?
3. Kwa nini aliweka tarumbeta chini kwanza?