Mshubiri Usiooza: Ninavyoupanda Lamu

Juzi jirani yangu alisimama mlangoni mwa ua wangu akiitazama mishubiri. "Mwanangu, hii waipa nini kaskazi yote hii?" Nikamwambia, "Bi mkubwa, naipa maji mara moja kwa wiki mbili." Hakuamini. Yeye humwagilia yake kila asubuhi, nayo inaoza shina.

Mwaka wangu wa kwanza nilifanya vivyo hivyo, miche sita ikaoza yote. Kilichonifundisha ni vilima vya mchanga vya Shela. Masika ikinyesha, hapabaki dimbwi: mchanga huyameza maji, yakashuka na kutulia juu ya maji ya chumvi, kwa kuwa matamu ni mepesi. Visima vinavyonywesha mji wa Lamu huchota hapo. Chungu cha mshubiri nacho kiwe hivyo, maji yapite upesi na mizizi ipate hewa.

Kwa hiyo navunja matumbawe ya ukuta uliobomoka yawe kokoto, nayasuuza kwa maji ya mvua, vibaba viwili kwa kimoja cha udongo, na ukufi wa samadi ya punda iliyokaa hadi ikaisha harufu. Mchanga wa vilima siugusi, nawe tafadhali usiuguse. Huo ndio ghala la maji yetu.

Chipukizi nikilitenga na mama yake nalilaza kivulini siku nne au tano, kidonda kikauke. Nikishalipanda, wiki nzima silipi tone.

Mshubiri unajua kujibania. Mimea mingi hufungua vitundu vya majani mchana. Huu huvifungua usiku, hewa ikiwa baridi, ukavuta kabonidayoksaidi na kuiweka akiba hadi jua litoke. Mnyaa wa uani nao umeacha karibu majani yote, shina lake la kijani ndilo linalofanya kazi ya majani. Na ukivuka hadi kisiwa cha Manda kiangazi utaona mibuyu mitupu kabisa. Iko hai: imedondosha majani isipoteze maji iliyoyaweka shinani.

Kabla ya kumwagilia nachoma chelewa ya ufagio hadi chini ya chungu. Ikitoka na udongo umeigandia, nangoja. Ikitoka kavu, namwagilia jioni, maji mengi kwa mara moja hadi yatoke tunduni.

Natumia maji ya mvua niliyoyaweka kwenye pipa. Ya kisima mwisho wa kaskazi huwa na chumvi, na maji yakikauka chumvi hubaki chunguni. Nauogopa weupe ule juu ya udongo kuliko ukame wenyewe. Mji wa kale wa Takwa, kule Manda, ulihamwa karne ya 17, na wengi husema ni kwa sababu maji ya visima yaliingia chumvi. Mibuyu ingali pale.

Jirani nimempa chipukizi moja, kwa sharti asilimwagilie hadi Ijumaa ya pili. Leo nimelipitia: limelala kivulini juu ya baraza yake, kidonda kimeanza kufunga.