SOMO LA LEO: NOTIFIKESHENI IFIKE KABLA MZIGO HAUJAISHA

Leo ni kwa wenye duka la tovuti. Notifikesheni inamfikia mteja hata kama hajafungua duka lako, na hulipii kila ujumbe kama SMS. Ila ukiiseti vibaya inaleta ugomvi.

1. Tovuti iwe na HTTPS. Bila hiyo brauza inagoma.

2. Tengeneza funguo mbili za VAPID. Ule wa wazi unakaa kwenye ukurasa, wa siri unabaki kwenye seva. Usizibadilishe ovyo, waliojiunga kwa zile za zamani hawatapata kitu mpaka wajiunge upya.

3. Weka faili la sevisi woka. Ndilo linalopokea ujumbe wakati ukurasa umefungwa.

4. Usiombe ruhusa mteja anapoingia tu. Weka kitufe "Nijulishe mzigo ukifika", akibonyeza ndiyo uombe. Akishakataa, mpaka aende mwenyewe kwenye setingi. Wa iPhone awe na iOS 16.4 au zaidi, na kwanza aiweke tovuti kwenye skrini ya mwanzo.

5. TTL. Hapa tulia. Seva yako haitumi moja kwa moja kwenye simu. Inapeleka kwenye seva ya wenye brauza, kwa Chrome ni Google, ndiyo inamtafuta mteja. Simu ikizima au mtandao ukikata, ujumbe unasubiri huko. TTL ndiyo inasema usubiri sekunde ngapi. Maktaba ya web-push ya Node.js, usipoiwekea TTL, inasubiri wiki 4! Mteja wa Dar anawasha simu Jumatatu, anaona "plamsi zipo", anatuma hela, kumbe ziliisha Ijumaa huku Lushoto. Hela utarudisha, uaminifu je?

Mimi natangaza saa 2 asubuhi, oda nafunga saa 8 mchana. Saa 6 mara 3600 ni 21600. Hiyo ndiyo TTL yangu. Halafu ndani ya ujumbe naandika "Plamsi za leo, mwisho wa oda saa 8 mchana", maana ukishaingia kwenye simu TTL haiufuti.

6. Seva ikijibu 404 au 410, futa anwani hiyo. Haifanyi kazi tena.

Kama duka ulitengenezewa na fundi, muulize leo swali moja tu: "TTL yetu ni ngapi?" Akibabaika, mtumie somo hili.