Kabla ya Kununua Kompyuta Mpakato: Diski Ngumu au SSD?
Katika diski ngumu nyingi za kompyuta mpakato, sahani huzunguka mara 5,400 kwa dakika, na kichwa cha kusomea huelea juu yake kwa nafasi nyembamba kuliko unywele. Kompyuta ikianguka ingali inafanya kazi, kichwa huweza kukwaruza sahani. SSD haina kinachozunguka; data hukaa ndani ya chipu, kompyuta huwaka upesi na mtikisiko hauidhuru kirahisi. Hata hivyo, mnunuzi asibweteke: faili lililofutwa kwenye SSD mara nyingi halirejesheki hata kwa fundi hodari, kwa kuwa nafasi yake husafishwa na mfumo wenyewe. Nakala ya pili iwekwe kwingineko. Muuzaji aulizwe pia iwapo SSD imelehemiwa kwenye ubao mkuu. Ikiwa hivyo, haitabadilishwa kwa kubwa zaidi baadaye.