Mkato na Udondoshaji wa Vitenzi Visaidizi katika Kiingereza cha Mazungumzo: Funzo kwa Mfasiri wa Kiswahili

Utangulizi

Tuchukue mfano wa shahidi anayetoa ushahidi mahakamani kwa Kiingereza. Anasema: "I'd hit him." Mkalimani wa Kiswahili aseme nini? Je, ni "nilikuwa nimempiga" au "ningempiga"? Sauti hiyo moja ya 'd ni masalia ya vitenzi visaidizi viwili tofauti, "had" na "would". Na kwa kuwa kitenzi "hit" hakibadiliki umbo, sentensi yenyewe haitoi jibu. Tafsiri ya kwanza ni ukiri wa tendo, ya pili ni dhana tu. Uhuru wa mtu waweza kutegemea konsonanti moja.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mkato na udondoshaji si uvivu wa wasemaji, bali ni taratibu zenye kanuni, na kwamba kanuni hizo zina manufaa kwa mwanafunzi wa Kiswahili.

Mkato na mipaka yake

Kitenzi kisaidizi kikikosa mkazo, irabu yake hufifia, kisha hutoweka. Konsonanti inayosalia huegemea neno lililotangulia: "I am" huwa "I'm", na "they have" huwa "they've". Katika maandishi, ritifaa huonyesha mahali pa herufi zilizoachwa. Tabia hii ni kongwe. Mwaka 1710, mwandishi Jonathan Swift aliikemea katika jarida la The Tatler, lakini zaidi ya karne tatu baadaye ingali inastawi.

Hata hivyo, mkato haufanyiki popote. Mtu akiulizwa kama amechoka, hujibu "Yes, I am", wala hajibu "Yes, I'm". Hali kadhalika, husemwa "I don't know where he is", si "where he's". Sababu ni kwamba neno ambalo lingefuata kitenzi kisaidizi limeachwa au limehamishwa. Hivyo kitenzi hicho hulazimika kubaki na umbo lake kamili.

Udondoshaji

Katika mazungumzo ya kirafiki, kitenzi kisaidizi aghalabu hutoweka kabisa: "You coming?", "You seen him?", "You want tea?" Msikilizaji hapotei, kwa sababu umbo la kitenzi kikuu limehifadhi alama: "coming" hudai "are", "seen" hudai "have", na "want" hudai "do". Kinachoachwa ni kile tu kinachoweza kurejeshwa.

Ushahidi mzito wa jambo hili ulitolewa na mwanaisimu William Labov mwaka 1969, alipochunguza Kiingereza cha Wamarekani weusi wa Harlem, New York. Wengi walidhani kwamba kusema "He tired" ni kutojua sarufi. Labov alionyesha kwamba mahali ambapo Kiingereza sanifu huruhusu mkato, ndipo wasemaji hao huweza kudondosha. Pasiporuhusu mkato, udondoshaji nao hauwezekani. Kwa hiyo hawasemi "Yes, he" badala ya "Yes, he is". Kilichoitwa kosa kilikuwa na kanuni.

Kiswahili nacho

Je, haya ni mambo ya Kiingereza pekee? La hasha! "Amekwisha kufika" imekuwa "ameshafika", na katika mazungumzo twasikia "ashafika", kiambishi -me- kikiwa kimedondoka. Kiambishi -ta- cha wakati ujao, kwa upande wake, chimbuko lake ni kitenzi "taka". Neno "will" la Kiingereza pia lilianza kama kitenzi cha kutaka, na leo katika usemi hubaki 'll. Lugha mbili zisizo na nasaba zimepita njia moja. Tofauti ni kwamba -ta- imekwisha kukubaliwa katika Kiswahili sanifu, ilhali 'll ingali ikihesabiwa kuwa ya mazungumzo.

Hitimisho

Mfasiri azingatie mambo matatu. Kwanza, aurejeshe mkato katika umbo lake kamili kabla ya kufasiri. Pili, panapo utata asibahatishe: autazame muktadha na, ikiwa ni mkalimani, aombe msemaji afafanue. Tatu, aichunge sajili: "You seen him?" ni "Umemwona?" na si zaidi.

Nasi tulio walimu, au tunaojiandaa kuwa walimu, tukikuta "ashafika" katika insha, tumweleze mwanafunzi kwamba umbo hilo lina mahali pake, na kwamba insha rasmi sipo. Tusimwite mvivu. Wahenga walinena: usione vyaelea, vimeundwa. Hata hiyo "vyaelea" ni "vi-a-elea" iliyofupishwa, na hakuna anayeikosoa.