SOMO LA WIKI: Kuitambua Ekseli ya Nyuma Isiyojulikana Kabla ya Kuilipia

Katika masoko ya vipuri vilivyotumika, kama Gerezani mjini Dar es Salaam au Kirinyaga Road mjini Nairobi, ekseli za nyuma hulazwa chini kwa mafungu, zimejaa oili chafu, hazina kibandiko wala karatasi. Muuzaji atakuambia hii ni ya Hiace, ile ni ya Canter. Mara nyingi hadanganyi. Ndivyo naye alivyoambiwa. Lakini Hiace ni jina la magari mengi. Yapo ya petroli na ya dizeli, ya giaboksi ya mkono na ya otomatiki, mafupi na marefu, na ekseli zake hazilingani. Mnunuzi anayeridhika na jina la gari peke yake amenunua chuma kwa kubahatisha.

Ubaya wa kosa hili ni kwamba halionekani siku ile ile. Ekseli inaweza kuingia vizuri, magurudumu yakafungwa, gari likaondoka. Hasara inakuja polepole, kupitia uwiano wa difu, ambao mafundi huuita resho. Uwiano huu ni idadi ya mizunguko ya propela shafti kwa mzunguko mmoja wa magurudumu. Krauni yenye meno 41 ikikutana na pinioni ya meno 10, uwiano ni 4.1. Krauni ya meno 39 kwa pinioni ya meno 8 ni 4.875. Kwa nje huwezi kuzitofautisha.

Tuseme mwenye gari la abiria anakwenda Morogoro kutoka Dar es Salaam, safari ya kilomita 190 hivi. Gari lilikuwa na difu ya 4.1, akafungiwa ya 4.875. Pale injini ilipokuwa ikimpa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, sasa kwa mizunguko ile ile inampa 67. Katika magari mengi ya aina hii spidomita inaendeshwa na giaboksi, siyo gurudumu, kwa hiyo sindano itaendelea kuonyesha 80, na safari ya kilomita 190 itaandikwa kama 226. Hapo ndipo mtego ulipo. Akipiga hesabu ya mafuta kwa kilomita za kwenye saa ataona gari halina tatizo, huku fedha anayoacha kituo cha mafuta kwa kila safari imepanda. Atamlaumu dereva kwa wizi wa mafuta, na pengine atamfukuza.

Kosa la upande wa pili, yaani kupunguza uwiano katika gari la mizigo, hujionyesha mapema zaidi: gari linashindwa mlima na klachi inaungua. Kwa gari linalovuta magurudumu manne, difu ya mbele na ya nyuma lazima ziwe na uwiano mmoja, la sivyo ukiingiza gia ya mbele kwenye lami vyuma vitashindana mpaka kimoja kivunjike.

Dawa yake ni kuhesabu, na kazi hiyo haihitaji kufungua kitu chochote. Inua ekseli juu ya mawe au magogo ili dramu zizunguke bila kugusa chini. Piga alama ya chaki kwenye flenji ya propela na kwenye dramu moja. Mwenzako aishike dramu ya pili isitembee kabisa. Zungusha flenji huku ukiitazama dramu yenye alama. Kwa kuwa upande mmoja umezuiwa, dramu iliyo huru inakwenda mizunguko miwili kwa kila mzunguko mmoja wa krauni. Usihesabu mara moja tu na kuridhika. Endelea hadi dramu imalize mizunguko 20, ambayo ni 10 ya krauni. Flenji ikiwa imezunguka mara 41, difu ni ya 4.1, ikiwa ni 39, ni ya 3.9, ikiwa ni 43, ni ya 4.3. Anayehesabu mzunguko mmoja wa krauni peke yake anatafuta tofauti ya robo mzunguko au pungufu, na jicho hukosea. Kama dramu ya pili haizuiliki, bali zote mbili zinang'ang'ania kwenda pamoja, huenda ni difu ya kubana. Ziache zizunguke zote mbili mara 10 na uhesabu flenji.

Nambari unayotafuta ni ile ya gari lako, kwa hiyo lazima uijue kabla ya kwenda sokoni. Toyota huandika msimbo wa ekseli kwenye kibati cha gari, pamoja na wa giaboksi: herufi ya kwanza ni ukubwa wa krauni, na tarakimu zinazofuata zinawakilisha uwiano, ingawa zenyewe siyo uwiano. Kibati hata hivyo kinasema lililotoka kiwandani. Kama gari limepita mikono mitatu, hesabu pia ekseli iliyomo.

Baada ya uwiano, chukua futi. Pima kutoka uso wa habu moja hadi nyingine, umbali kati ya vikalio vya springi, na matundu ya flenji ya propela. Angalia kama bakuli la difu liko katikati au limesogea upande. Boliti za gurudumu zisikudanganye. Mpangilio wa boliti sita zenye milimita 139.7 kutoka moja hadi inayoikabili unapatikana kwenye Hilux ya magurudumu manne, Pajero, Patrol na Hiace za kizazi kilichoanza 2004. Rimu itakaa kote huko, ekseli haitakaa.

Nambari zilizosubiwa kwenye chuma cha ganda zinalitambulisha ganda. Hazisemi ni gia gani zimo ndani, na gia hubadilishwa.

Magari mengi madogo ya mizigo na abiria kutoka Japani yana difu inayotolewa kwa mbele, ikiacha ganda mahali pake. Kama ganda lako ni zima, kwa nini ununue ekseli nzima? Nunua difu peke yake, na suala la upana halipo tena. Hesabu tu meno ya ncha ya hafu-shafti zako kwanza, yalingane na yale ya ndani ya difu. Ila usikubali krauni kutoka fungu moja na pinioni kutoka fungu jingine, hata kama idadi ya meno ni sahihi. Gia hizi husagwa pamoja kiwandani na mara nyingi huchorwa nambari moja ya ulinganifu. Zikitenganishwa, zitalia hadi zife.

Kwenye risiti mwambie muuzaji aandike uwiano mliouhesabu pamoja, upana uliopimwa, na siku za kurudisha kama fundi atakuta meno yamekatika ndani. Anayekubali kuyaandika hayo anastahili kuongezewa kidogo juu ya bei ya jirani yake anayesema tu "ni ya Hiace, bosi, chukua".