Mbuni na Mchimbaji wa Dhahabu

JUMANNE

Soma Ayubu 28:1–19 na Ayubu 39:13–18. Mchimbaji na mbuni wanatufundisha nini kuhusu hekima?

Mashariki ya Shinyanga, katika nyika za Maswa na Serengeti, mbuni bado huonekana. Ndiye ndege mkubwa kuliko wote duniani. Dume huzidi kilo 100, na akikimbia hufikia kilometa 70 kwa saa. Kama Ayubu asemavyo, farasi hamtishi.

Lakini sifa yake katika Maandiko si nzuri. Huacha mayai mchangani, mahali ambapo mguu waweza kuyavunja. Maombolezo 4:3, 4 humtumia kama mfano wa taifa ambalo watoto wake waliomba chakula wasipate.

Wanaomchunguza wameona pia jambo jingine. Majike kadhaa hutaga katika kiota kimoja. Jike kiongozi huatamia mchana, kwa kuwa rangi yake hufanana na udongo. Dume mweusi hushika zamu usiku, kwa takriban siku 42. Mayai yakizidi, jike huyo husukuma nje ya wenzake, nayo huharibika. Kwa hiyo ndege aliyenyimwa hekima (Ayubu 39:17) hakunyimwa ulinzi: Muumba amemwekea zamu.

Mwanadamu, yeye, ameitwa aitafute hekima. Ayubu 28 humweleza mtu anayechimba mashimo, akining'inia mbali na watu. Wakazi wa Geita na Kahama wanamjua mtu huyo. Hufika penye dhahabu, lakini hekima hainunuliwi kwa dhahabu (fungu la 15).

Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilieleza kuhusu watoto, wengine wa miaka 8, wanaofanya kazi katika machimbo madogo ya dhahabu nchini, wakiwemo wa Geita na Kahama, na hatari ya zebaki kwao. Kutafuta riziki si dhambi. Lakini mzazi anapofuata rashi ya dhahabu na mtoto akabaki bila mlinzi, au akatumwa mwaloni badala ya shuleni, yai limeachwa njiani. Ayubu 28:28 huanzisha hekima katika kumcha Bwana na kuuacha uovu, na hilo huanzia nyumbani.

Ni watoto gani wa kanisa lenu ambao wazazi wao wako machimboni? Darasa lenu litashika zamu gani kwa ajili yao juma hili?